Vitanda vya Shangazi kwenye Ramani ya Nchi Nne

Kwa marafiki zangu wa Fizi, na ninyi mliohamia Kalemie na Kigoma,

Mwandiko wangu mnaujua tangu shule ya msingi. Mwalimu alikuwa anasema kuku amekanyaga wino akapita kwenye daftari langu. Kwa hiyo mnisamehe herufi zilizolala na maneno niliyoyakosea. Nimeandika polepole, kidogo kila jioni, mezani kwa shangazi, na mkono ulichoka mara nyingi lakini hasira haikuchoka. Mliponiuliza habari za Kigoma nilijibu kwamba ilikuwa vizuri. Mnajua nikizungukwa na watu ulimi wangu unakuwa mzito. Haikuwa vizuri. Kwenye karatasi naweza kuwaambia.

Kwanza mjue tulichokifuata. Nchi zinazogawana ziwa letu, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zimekubaliana kuwavuta watalii kwa pamoja, ili mgeni asione ziwa moja kama maziwa manne. Itakuwepo meli ndogo ya kuzungusha wageni, na ramani moja ya vituo. Kila kituo kitakuwa na alama zake. Mchoro wa samaki maana yake kuna chakula, mchoro wa mtumbwi maana yake kuna matembezi, na mchoro wa kitanda maana yake meli italala hapo na wageni watashuka na mizigo yao.

Shangazi yangu, Mama Riziki, alikitaka hicho kitanda. Mume wake alipofariki aliuza mashua yao, akajenga vyumba vinne pale Baraka, vinavyotazama maji. Mwanzoni walilala humo watu wa mashirika ya misaada. Mashirika yakapungua, magodoro yakarudishwa kwenye plastiki. Sasa Bwana Kashindi, mfanyabiashara wa simenti, anataka kukodi nyumba nzima iwe depo ya kuwekea mifuko yake, na shangazi angerudi Fizi kukaa nyuma ya nyumba ya baba yangu, kama mtu aliyeshindwa. Alimwambia Kashindi angoje mpaka mkutano wa Kigoma uishe. Goti lake lilikuwa limevimba, hawezi safari. Akanituma mimi.

Mambo ya barua na mihuri nayaruka. Kila mtu anayajua, na mimi nikiyaandika nitaumwa kichwa tena.

Fizi mpaka Baraka

Mkuu wa safari alikuwa Papa Wilondja, mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kamati ya utalii ya kwetu. Ni mtu mwema. Naliandika hili mapema kwa sababu mbele huko mtafikiri simpendi.

Tulishuka milima kwa pikipiki moja, motari mbele akiendesha, Papa katikati, mimi nyuma nimekalia chuma cha mizigo. Kila kona Papa alimwomba motari asimame ili atazame ziwa kwa macho ya mtalii. Motari alisimama mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu akasema mtalii huyu angeshuka atembee kwa miguu, angeona vizuri zaidi. Papa akacheka. Mimi sikuweza kucheka, miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Tulipofika Baraka, shangazi alitulisha bukari, ugali wetu wa muhogo, na mboga ya sombe, kisha akanipa kitu nilichotakiwa kukilinda kuliko nafsi yangu. Shuka jeupe alilolidarizi mwenyewe maua mekundu pembeni, la kuwaonyesha wakubwa wa mkutano. Alilikunja ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya mfuko.

"Asukulu," aliniambia, "we haujui kusema, mi najua. Njo maana nakupa hii. Tandika tu, batu baone. Kisha useme maneno moja: Baraka iko na vitanda. Utashindwa?"

Nikasema sitashindwa.

Sasa, mnajua mashua za biashara zinatoka Baraka mpaka Kigoma bila kuzunguka popote. Lakini waandaaji walitaka wajumbe wa upande wetu wapite barabarani, kupitia Uvira na Burundi, ili tuijaribu njia ambayo mtalii atapita akitoka uwanja wa ndege wa Bujumbura. Yaani tuende kaskazini siku nyingi ili tufike mahali palipo kusini mashariki yetu. Nilimwuliza Papa kama yeye anaona akili hapo. Akasema ushirikiano wa nchi unaanza na uvumilivu.

Baraka mpaka Nundu

Tulipanda gari lililojaa magunia ya muhogo. Tairi lilipasuka kabla ya Lusenda, na dereva akaondoka na pikipiki kutafuta lingine. Tulingoja karibu na kambi ya wakimbizi. Mama mmoja wa Burundi alikuwa anauza chai na maharagwe kando ya njia, akatuletea vikombe kabla hatujaomba. Papa alipomaliza kunywa, na si kabla, alianza kumweleza habari za ramani na meli na wageni watakaotoka Burundi kuja kwetu kwa njia hii.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho huku akikoroga sufuria.

"Njia hii hii?" akauliza. "Mimi niliipita na mtoto mgongoni. Hakuna aliyenipa ramani."

Papa alirudisha kikombe kwa mikono miwili. Akaenda kumsubiri dereva kando ya barabara.

Hapa lazima niandike juu ya desturi yetu, hasa kwa wale mliozaliwa mjini. Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajala, na mgeni naye haisemi. Ananawa, anakula, ananawa tena, ndipo mwenye nyumba anauliza: haya, mumekuja na nini? Mimi nimelelewa hivyo, sina ubaya nayo. Lakini Papa Wilondja anaishika kama sakramenti.

Tulifika Nundu kwa Mama Furaha, rafiki wa shangazi. Tulitakiwa kukutana hapo na gari la kamati ya mkutano litakalotupeleka Uvira. Mama Furaha alituona, akaingia jikoni mbio. Akachinja kuku. Tukakaa. Kuku wa kienyeji mnamjua, anaiva pale anapotaka mwenyewe. Nikawa natazama barabara. Nilitaka kuuliza kama gari limefika, Papa akanikanyaga mguu chini ya meza. Kuku akaja, mtamu kweli, na bukari nyeupe, na mboga ya lengalenga. Tukala, tukanawa.

Ndipo Mama Furaha akasema, "Ile gari ya Uvira munangoja, ilipita asubui."

"Mama," nikasema, na mjue nilikuwa nimekasirika sana mpaka sauti ikatoka, "sasa juu ya nini haukutuambia?"

"Ningewaambia, mungekimbia bila kula. Halafu Mama Riziki anisemeje?"

Papa aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyejibiwa vizuri. Tulilala Nundu.

Uvira na mpakani

Kesho yake tulipata lori la mafuta ya mawese. Uvira tulikuta gari la kamati limekwenda bila sisi, dereva wake akidhani tumebadili mawazo. Tukaendelea hivyo hivyo mpaka mpakani.

Ofisa wa upande wa pili alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi. Alichukua vitabu vyetu vya safari akauliza jambo ambalo ofisa yeyote duniani anauliza: "Mnakwenda kufanya nini?"

Papa Wilondja alimsalimia. Ofisa akarudisha salamu, akauliza tena. Papa akamsalimia habari za nyumbani. Ofisa akasema nyumbani hawajambo, akauliza mara ya tatu. Papa akatabasamu tu.

Nilimvuta pembeni. Nikamwambia ajibu, tuna mkutano, watu nyuma yetu wanangoja.

"Hata mayi ya kunywa hajatupatia," Papa akanong'ona, "anatuuliza mambo ya safari? Sisi tuko bageni mu inchi yake."

"Papa, hii haiko nyumba. Ni mupaka."

"Mupaka njo mulango ya nyumba, mutoto wangu."

Nikajaribu kujibu mimi mwenyewe, lakini ofisa alisema mkuu wa safari ndiye anayetakiwa kueleza. Tukapelekwa kwenye benchi. Tulikaa pale tukitazama watu wenye ndizi, watu wenye mbuzi, hata mtu mwenye kabati la vioo mgongoni, wote wakipita kwenda kwa jirani kama wanaokwenda kuchota maji. Sisi wajumbe wa kufungua njia ndio tuliofungwa.

Mchana ofisa alitoa chakula chake, maharagwe na ndizi za kupika. Nafikiri alituonea huruma, au labda aliona aibu kula mbele ya mzee. Akatukaribisha. Papa akanawa, akala kidogo, akashukuru, akanawa tena. Kisha akamweleza yote, kuanzia kamati ya Fizi, meli, ramani, mpaka vyumba vya shangazi na simenti ya Kashindi. Ofisa hakuweza kumnyamazisha. Mwishowe aligonga mihuri haraka haraka huku akituomba twende.

"Umeona?" Papa aliniambia njiani. "Mutu muzuri kabisa. Ilitaka tu tukule pamoja."

Mimi nilihesabu michikichi mpaka Bujumbura.

Rumonge

Rumonge tulilazwa nyumba ya wageni ambayo nayo iko kwenye rasimu ya ramani, tena na alama ya kitanda. Papa aliniambia tujifanye watalii ili tupime. Basi nikapima. Kitanda kilikuwa kifupi, miguu yangu ilining'inia nje. Chandarua kilikuwa na tundu ambalo mbu walilijua kuliko mimi.

Asubuhi harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokaangwa kwa mawese ilitoka jikoni ikajaa nyumba yote. Nikakaa mezani nikimeza mate. Wakatuletea mkate mkavu na yai. Nikauliza kwa sauti ndogo kama ndagala wapo. Mhudumu akasema wale ni wa wafanyakazi, watalii wanakula yai.

"Na nani alisema?" Papa akauliza.

Mhudumu akainua mabega. Hakujua nani. Alijua tu kwamba watalii wanakula yai.

Nikakumbuka shangazi anavyopika samaki wa mikebuka kwa nyanya, na vile vyumba vinavyopepewa na ziwa, na magodoro yaliyolala ndani ya plastiki bila mtu. Nikaushika mfuko wangu wa shuka kwa nguvu. Hapo hasira ilikuwa imenipa hata moyo. Nilijiambia kwamba nikifika Kigoma nitasema, hata kama nitatetemeka.

Kigoma

Tulifika mkutano umeanza. Mlioko Kigoma mnaujua ule ukumbi wenye viti vya plastiki na feni isiyozunguka. Mbele palikuwa na ramani kubwa ya ziwa, nzuri kweli, na vituo vyake vimebandikwa alama. Baraka palikuwa na kidoti na jina. Hakuna samaki, hakuna mtumbwi, hakuna kitanda.

Mwenyekiti alikuwa mama wa Kitanzania, mwenye sauti tulivu. Alisema kila kituo kieleze kina nini, kisha ramani itafungwa na kutumwa kwa wachapaji siku hiyo hiyo. Wazambia wakaeleza. Warundi wakaeleza, na wa Rumonge akasifu vitanda vyake, mimi nikatazama miguu yangu. Kisha mwenyekiti akasema, "Karibuni Baraka. Tuelezeni."

Papa Wilondja alisimama, akarekebisha koti. Moyo wangu ukasimama naye.

"Mama Mwenyekiti, tunashukuru sana kwa kutupokea," akasema. "Jambo letu tutalisema baada ya chakula."

Akakaa.

Mwenyekiti alidhani hatuko tayari. Akasema hamna shida, akaita kituo kinachofuata. Nikamvuta Papa koti. Nikamwambia kwamba ramani inafungwa kabla ya chakula, amesema sasa hivi, sote tumesikia. Papa akanipigapiga mkono kwa upole. Akasema hakuna mwenye nyumba anayefunga mlango wageni wakiwa hawajala.

Nilitaka kusimama. Nawaambia ukweli, nilibaki kwenye kiti. Nilikuwa naitazama ile ramani na kuona magunia ya simenti yanaingia mlango mmoja baada ya mwingine. Walipopiga makofi nilijua imefungwa.

Ndipo wakaleta chakula. Watu wakaanza kusimama na kuongea. Nikaona meza tupu katikati, nikafikiri kwamba sasa hakuna cha kupoteza. Nikafungua mfuko, nikafungua kitambaa, nikalitandaza shuka la shangazi. Maua mekundu yalikaa vizuri pembeni. Nikasimama kando yake nikitafuta lile neno moja.

Kabla sijalipata, wahudumu wakaja na masinia. Wali juu ya shuka. Samaki juu ya shuka. Bakuli la mchuzi juu ya shuka, tena lilikuwa limejaa. Wageni wakasogea na sahani zao, na bwana mmoja wa Zambia akasifu kitambaa cha meza, akauliza kimeshonwa wapi.

"Siyo ya meza," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, na safari hii sauti ilitoka yote kwa pamoja, kama chupa iliyotikiswa.

"Hii siyo ya meza. Ni ya kitanda. Baraka iko na vitanda."

Watu wakageuka. Mwenyekiti aliweka sahani chini. Akaniuliza polepole, bila ubaya, "Mwanangu, mbona hamkusema asubuhi?"

Nilimtazama Papa. Papa alikuwa anajua kosa sasa, niliona usoni, lakini alijibu kwa heshima yake ile ile.

"Asubuhi tulikuwa bado hatujakula kwenu, Mama."

Kuna waliocheka. Mwenyekiti hakucheka. Alieleza kwamba ramani imeshatumwa kwa wachapaji, hawezi kuirudisha, ila jina la Baraka lipo, na watakapochapa nyingine tutakumbukwa. Akainua bakuli la mchuzi ili anirudishie shuka. Chini yake palikuwa na duara la rangi ya machungwa, kubwa kama sahani.

Papa alitangulia mbele tulipokwenda kutafuta mashua ya kurudi. Tulipokuwa tumekaa kwenye magunia ya chumvi, aliniambia, "Mi nilizania bote baliko batu ba ziwa moja." Hasira yangu ilitaka kumjibu vibaya. Lakini alionekana mzee ghafla, nikampa nusu ya mkate wangu.

Mashua ilivuka moja kwa moja. Haikuchelewa hata kidogo, na hilo nalo liliniudhi.

Nyumbani Baraka

Shangazi alikuwa mlangoni na fimbo yake ya goti. Aliniangalia, aliangalia mfuko, akaingia jikoni. Hakuuliza.

Aliniletea maji ya kunawa. Aliniletea bukari, mikebuka kwa nyanya, na pilipili pembeni. Akakaa mbele yangu, mikono kwenye mapaja, akangoja nile.

Safari nzima niliilaani ile desturi. Siku hiyo niliipenda. Nilikula polepole kama ninavyoandika. Nilitoa miiba yote ya samaki, hata isiyokuwepo. Nilikata matonge madogo ya mtoto mchanga. Nilijua kwamba bukari ikiisha ataniuliza, na nikijibu Kashindi anachukua nyumba.

"Asukulu," akasema mwishowe, "hii bukari haiko ya kesho. Kula tu. Mi nimekwisha kuona."

Nikasukuma sahani. Nikasema, "Bameandika jina tu."

"Na kitanda?"

Nikatikisa kichwa.

Akavuta mfuko, akalitoa shuka, akalikunjua kwenye mapaja mpaka akafika kwenye lile duara la mchuzi. Akaligusa kwa kidole. Nilitaka kueleza, akanizuia.

"Balikula juu yake?"

"Balikula."

"Balishiba?"

Niliwakumbuka wale Wazambia wakirudia samaki. "Balishiba, shangazi."

"Basi bamekwisha kuwa bageni yangu," akasema, akalikunja tena. "Sasa njo tunaweza kuanza kuzungumuza."

Asubuhi Kashindi alikuja na simenti yake moyoni. Shangazi alimpa chai na mihogo, akangoja amalize na kunawa, ndipo akamwambia hapana. Kashindi alikasirika sana. Alisema angeambiwa mapema asingekula. Namwelewa kabisa.

Sasa shangazi ananitajia maneno ya barua kwa yule mama mwenyekiti, ya kuomba kitanda ramani nyingine itakapochapwa, na mimi naandika, ndiyo maana mkono umechoka. Papa Wilondja ndiye anasahihisha. Na kwa kuwa ramani yao haina kitanda chetu, shangazi amemwita fundi wa rangi akachora kitanda ukutani mwa nyumba, upande wa ziwa, kutoka chini mpaka karibu na bati. Kina shuka jeupe lenye maua mekundu. Fundi aliuliza kama aweke pia lile duara la mchuzi, alikuwa anatania. Shangazi akasema aweke.

Ninachoomba kwenu ni hiki. Mimi nimesimama ufukweni nikakitazama, lakini ufukweni kila kitu kinaonekana. Ninyi mnaopita na mashua kwenda Kalemie au Kigoma, mkifika mbele ya Baraka mtazame kwetu, kisha mniandikie. Msiogope makosa, yangu mmeyaona. Niambieni tu kama kutoka majini kitanda kinaonekana.

Asukulu